Sketi iliyododa: gazeti la mitindo lilipowaamuru wanawake wa Marekani, 1970

Mama yangu ni fundi wa nguo za kike pale Magomeni, na kuna swali humuuliza kila mteja kabla hajashika futi: "Nyumbani una viatu gani?" Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maneno ya kumchangamsha mgeni. Nilipoanza kushika mkasi mwenyewe ndipo nilipoelewa. Ukijua viatu vya mtu umejua pindo la sketi lianguke wapi. Umejua kama mwenye sketi hupanda daladala au hukaa ofisini, na kama nguo unayomshonea itavaliwa na vitu alivyo navyo au itamlazimu anunue vingine vitano ndipo ikae vizuri mwilini.

Kisa ninachotaka kukichambua hapa ni cha gazeti ambalo halikuuliza swali hilo. Gazeti ni Women's Wear Daily la New York, mwaka ni 1970, na nguo yenyewe ni sketi ya midi, ile inayoishia kwenye shavu la mguu, katikati ya goti na kifundo. Nimesoma ushauri mbaya mwingi wa mitindo, ila mara nyingi huwezi kujua uliishia wapi. Huyu alisema vaa hiki, yule akanunua, na gharama ikamezwa kimyakimya. Kisa cha midi ni tofauti kwa sababu kila kitu kilifanyika hadharani. Tunajua aliyeshauri, tunajua waliomfuata, na tunajua mzigo ulimlalia nani.

Gazeti la wauzaji

Kwanza lazima tuelewe hilo lilikuwa gazeti la namna gani, kwa sababu nusu ya kosa imejificha hapo. Women's Wear Daily lilianzishwa 1910, na halikuwa jarida la akina mama. Lilikuwa gazeti la biashara ya nguo. Wasomaji wake walikuwa wenye viwanda, wabunifu, wauza vitambaa, na wale wafanyakazi wa maduka makubwa ambao kazi yao ni kuchagua na kuagiza nguo zitakazouzwa. Mke wa mwalimu huko Ohio hakuwa akilisoma.

Mwaka 1960 lilishikwa na John Fairchild, mjukuu wa mwanzilishi, ambaye kabla ya hapo aliongoza ofisi yake ya Paris. Fairchild alikuwa na kipaji, hilo halina ubishi. Alilitoa gazeti kwenye bei za pamba na habari za mikutano ya wafanyabiashara, akaingiza picha za matajiri wakitoka kula chakula cha mchana, umbea wa wabunifu, na orodha za nani yumo na nani ameshatoka. Watu walilingoja kila asubuhi. Pia waliliogopa. Fairchild alipogombana na mbunifu Geoffrey Beene, nguo za Beene zilitoweka katika kurasa zake kwa miaka, na katika mji ambao muuzaji huamua kwa kusoma kurasa hizo, kutoweka huko ni hasara inayohesabika kwa dola.

Sasa tazama jinsi biashara yenyewe inavyokwenda. Nguo za majira ya mapukutiko huagizwa miezi kadhaa kabla. Mnunuzi wa duka kubwa hufika kwa wenye viwanda wa Seventh Avenue, barabara ya biashara ya nguo mjini New York, wakati wateja wake bado hawajafikiria kabisa watavaa nini Septemba. Anabahatisha, na fedha anazobahatisha nazo si zake. Akikosea, kazi iko mashakani. Katika hali hiyo hufanya ambalo yeyote angefanya: hutafuta mtu anayesema kwa uhakika. Gazeti likisema nguo ndefu, huagiza ndefu. Mwenye kiwanda akiona oda ni za ndefu, hukata ndefu. Mwandishi akipita viwandani huona ndefu imetundikwa kila mahali, naye hurudi kuandika kwamba ndefu imeshinda. Maneno yake yamemzunguka yakamrudia, na yeye anayapokea kama ushahidi. Katika mzunguko huo wote, hajaulizwa hata mwanamke mmoja mwenye fedha yake mkononi.

Hapo ndipo ninapoiona hatari ya kazi yetu sisi tunaoandika juu ya nguo. Mwandishi wa mpira akitabiri vibaya, Jumamosi jioni matokeo humsahihisha. Mwandishi wa mitindo anaweza kuwafanya watu wautekeleze utabiri wake, na kwa miezi kadhaa ataonekana mjuzi.

Januari hadi Septemba

Tangu katikati ya miaka ya 1960 sketi fupi ilikuwa imetawala. Wabunifu Mary Quant wa London na André Courrèges wa Paris ndio majina yanayotajwa zaidi, ingawa wasichana wa mitaani nao walikuwa na mkono wao. Kufikia mwisho wa muongo, mini haikuwa tena nguo ya wasichana wa miaka 18. Makarani, walimu na akina mama wa watoto wawili walikuwa wamepandisha mapindo, wengine kidogo, wengine sana.

Januari 1970 wabunifu wa Paris walionyesha nguo za majira ya kuchipua, na wengi wao walikuwa wameshusha pindo. Hiyo ilikuwa habari ya kweli na gazeti lilifanya sawa kuiandika. Hata wazo lenyewe halikuwa geni. Mnamo 1967 na 1968 baadhi ya wabunifu walikwishajaribu urefu huo, nao haukushika. Taarifa hiyo peke yake ingetosha kumfanya mhariri makini aandike kwa tahadhari: wamejaribu tena, mara ya kwanza hakununua mtu, tuone safari hii.

Fairchild hakuandika hivyo. Gazeti lake liliipa sketi hiyo jina la Kifaransa, "longuette", na kuanzia hapo likaipigia debe wiki baada ya wiki, mwezi baada ya mwezi. Picha za wanawake maarufu waliovaa ndefu zilijaa kurasani. Walioendelea kuvaa fupi walionyeshwa kama watu waliopitwa. Lugha ilihama kutoka kwenye "wameonyesha" ikaenda kwenye "mtavaa", na kwangu mimi tofauti ya vitenzi hivyo viwili ndiyo kisa chote. Kile cha kwanza ni ripoti. Cha pili ni amri iliyovishwa joho la ripoti.

Majarida mengine yalifuata. Tarehe 21 Agosti 1970 jarida la Life, lililoingia katika mamilioni ya nyumba, lilitoa jalada lililotangaza kwamba midi inaingia kwa mabavu. Maduka makubwa yalikwishapokea shehena. Baadhi yake yaliwaamuru wauzaji wa kike wavae midi kazini ili wateja wazoee kuiona. Hili hunikera kuliko mengine yote katika kisa hiki. Yule msichana wa kaunta, mwenye mshahara mdogo kuliko wote katika mnyororo mzima, ndiye aliyefanywa tangazo linalotembea la nguo ambayo pengine hakuipenda.

Wanawake walijibu. Vilizuka vikundi vyenye majina ya kuchokoza. Kimoja kilijiita FADD, kifupi cha maneno yenye maana ya kupambana na wabunifu wanaoamrisha. Kingine kilikuwa GAMS, wasichana wanaopinga sketi kuongezwa urefu. Walikusanya saini na kuandamana, na magazeti yaliwapa nafasi, mara nyingi kwa sauti ya kuchekesha, kana kwamba ni ugomvi wa wasichana wanaotaka kuonyesha miguu. Lakini ukisikiliza walichokuwa wakisema, hoja zilikuwa nzito. Walisema nguo hiyo inawazeesha. Walisema ni ghali. Zaidi ya yote walisema hawakuulizwa.

Siku 5 baada ya jalada lile la Life, tarehe 26 Agosti, maelfu ya wanawake waliandamana katika barabara ya Fifth Avenue, New York, kuadhimisha miaka 50 ya haki yao ya kupiga kura na kudai usawa kazini, malezi ya watoto na mamlaka juu ya miili yao. Betty Friedan, mwandishi na kiongozi wa harakati za wanawake, alikuwa mbele. Maandamano hayo hayakuitishwa kwa ajili ya sketi, wala sitaki kuyapunguza yawe ya sketi. Ila mhariri aliyeketi ofisini kilomita chache kutoka hapo alipaswa kuchungulia dirishani. Wasomaji aliodhani watatii ndio hao waliokuwa barabarani wakisema wamechoka kutii.

Hata hivyo walioiua midi si waandamanaji. Waliouua mtindo huo ni wanawake ambao hawakusema neno. Waliingia dukani, wakaitazama ile sketi, wakaigusa, wakairudisha kwenye henga, wakatoka. Wengine walinunua suruali. Septemba ikapita, Oktoba ikapita, na ilipofika mwisho wa mwaka midi zilikuwa zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Kwa Kiswahili chetu cha sokoni, zilidoda.

Kwa nini waliamini itafaulu

Ni rahisi kumwita Fairchild mjinga, na ukifanya hivyo hutajifunza kitu. Alikuwa na sababu ya kuamini. Sababu hiyo ilikuwa na jina na tarehe: mbunifu Mfaransa Christian Dior, 12 Februari 1947.

Siku hiyo Dior alionyesha kazi zake za kwanza mjini Paris. Kiuno kilibanwa, sketi ikafunguka pana na kushuka chini sana ya goti, vitambaa vikamwagwa kwa mita nyingi. Carmel Snow, mhariri wa jarida la Harper's Bazaar, ndiye aliyeipa sura hiyo jina la New Look, yaani sura mpya. Nako Marekani wanawake walilalamika. Mjini Dallas kiliundwa chama kilichojiita Little Below the Knee, yaani wa chini kidogo ya goti, na Dior alipozuru nchi hiyo mwaka huohuo alipokewa na mabango ya kumpinga. Kisha sketi ndefu ikashinda. Ndani ya muda mfupi walalamikaji wengi walikuwa wameivaa.

Kwa hiyo 1970, watu wa biashara walipoona mabango, waliyasoma kwa miwani ya 1947. Wanawake hulalamika kwanza halafu hununua, ndivyo walivyoelewa historia. Waliona dalili ileile wakatarajia mwisho uleule.

Lakini 1947 ilikuwa na mambo yake. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma. Marekani tangu 1942 serikali ilikuwa imeweka mipaka juu ya kiasi cha kitambaa kinachoruhusiwa katika nguo za wanawake. Uingereza nguo zilikuwa bado za mgao, na mgao huo haukuondolewa hadi 1949. Wanawake walikuwa wamevaa nguo zilezile kwa miaka, zimefubaa, zimetiwa viraka, zimegeuzwa ndani kuwa nje. Njaa ya kitambaa ilikuwa kweli. Tena aliyemlipia Dior kufungua nyumba yake ya mitindo alikuwa Marcel Boussac, tajiri wa viwanda vya pamba, mtu ambaye kila mita iliyoongezwa kwenye sketi ilikuwa na maana kwake. Simlaumu Dior kwa hilo. Nasema tu kwamba mwaka ule maslahi ya mwenye kitambaa na hamu ya mvaaji viliangukia upande mmoja, jambo ambalo halitokei kila siku.

Mwaka 1970 hapakuwa na njaa ya kitambaa. Kabati zilikuwa zimejaa.

Hapa naomba nizungumze kama mtu aliyekulia chini ya meza ya cherehani, kwa sababu jambo hili sijaliona likipewa uzito linaostahili. Sketi ndefu inaweza kufanywa fupi na mtu yeyote mwenye mkasi na sindano. Unapima, unakata, unakunja, unapiga uzi, jioni umeivaa. Ndiyo maana mini ilienea haraka kiasi kile: msichana hakuhitaji kununua kitu, alihitaji nusu saa. Sketi fupi haiwezi kufanywa ndefu. Fungua upindo wa sketi ya kiwandani utakuta sentimita 4, pengine 5, na mstari wa mkunjo wa zamani utabaki ukionekana hata ukipiga pasi mara kumi. Kutoka mapajani hadi kwenye shavu la mguu unahitaji zaidi ya sentimita 30. Hizo huzipati kwenye upindo. Unaweza kuunga kipande cha kitambaa kingine, kama walivyofanya baadhi ya wanawake 1947, lakini wao walianzia gotini na pengo lilikuwa dogo.

Kwa hiyo ushauri wa kupandisha pindo ulikuwa ushauri wa bure, na ushauri wa kulishusha ulikuwa ankara. Wala haukuishia kwenye sketi. Koti la mini linaishia juu ya goti, na ukilivalia juu ya midi, sketi inachungulia chini kama shumizi iliyolegea. Basi unahitaji koti jipya. Viatu bapa vilivyopendeza na mguu mrefu ulio wazi huonekana vizito chini ya pindo linalokata mguu pale ulipo mnene zaidi. Basi unahitaji buti. Mtu mfupi, na wanawake wengi duniani ni wafupi kuliko warembo wa majaridani, huonekana amepunguzwa kimo. Hilo halina kitu cha kununua kulitibu.

Na ankara hiyo ililetwa lini? Marekani ilikuwa katika mdororo wa uchumi ulioanza mwishoni mwa 1969 na kuendelea hadi karibu mwisho wa 1970. Ukosefu wa ajira ulipanda kutoka asilimia 3.5 Desemba 1969 hadi asilimia 6.1 Desemba 1970, huku bei za vitu zikipanda kwa karibu asilimia 6 kwa mwaka. Mama anayefikiria kama mumewe atakuwa na kazi mwezi ujao hatupi kabati zima kwa sababu gazeti la wauzaji limesema. Watetezi wa midi walisema mtindo mpya utachangamsha soko. Walikuwa wanazungumzia soko lao.

Kulikuwa pia na njia ya tatu ambayo wapiga debe hawakuihesabu. Walidhani swali ni fupi au ndefu. Wanawake wakajibu: suruali. Tangu 1966 mbunifu wa Paris Yves Saint Laurent alikuwa ameonyesha suti ya jioni ya suruali kwa wanawake, na mwaka huohuo akafungua duka lake la nguo za tayari, Rive Gauche, ishara kwamba nguvu ilikuwa ikitoka kwenye saluni za matajiri. Balenciaga, aliyeheshimiwa na wabunifu wote, alifunga nyumba yake ya mitindo 1968. Desemba 1969 Charlotte Reid wa Illinois aliingia katika Baraza la Wawakilishi la Marekani akiwa amevaa suti ya suruali, wa kwanza kufanya hivyo, na wenzake wa kiume walikuja kushangaa. Mwaka 1970 takriban asilimia 43 ya wanawake wa Marekani wenye miaka 16 na zaidi walikuwa kwenye nguvukazi. Suruali iliwaondoa kwenye ugomvi wote wa pindo. Haikuhitaji mtu kuamua goti lake lionekane au lisionekane. Ilikuwa na joto na mifuko, na unaweza kupanda nayo ngazi za basi bila kuangalia nyuma. Ushindi mkubwa wa suruali ulitokea palepale ambapo gazeti lilikuwa likielekeza macho kwingine.

Upande wetu wa bahari

Siwezi kuandika kisa hiki bila kukumbuka kwamba wakati uleule pindo la sketi lilikuwa likigombewa Dar es Salaam. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku mini, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana, na Operesheni Vijana ikaanza rasmi 1 Januari 1969. Kabla hata ya tarehe hiyo wasichana walishambuliwa mitaani. Barua zilimiminika magazetini, za kuunga mkono na za kupinga, na baadhi ya waliopinga walikuwa wasichana wenyewe waliouliza kwa nini utamaduni wa taifa zima ubebwe na magoti yao.

Sioni kwamba mambo haya mawili ni sawa, na ningemsahihisha anayeyalinganisha moja kwa moja. Mwanamke wa New York aliyeikataa midi alirudi nyumbani salama na jina la mtu aliyepitwa na wakati. Msichana wa Kariakoo aliyevaa mini angeweza kuchaniwa nguo mbele ya watu. Ninayaweka pamoja kwa ajili ya jambo moja: sehemu zote mbili urefu wa sketi ulijadiliwa na watu wasioivaa, na sehemu zote mbili yule mvaaji aliongelewa kama mtu asiyejua kwa nini amevaa alichovaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ushauri ungekuwaje

Nikijiweka kwenye kiti cha mhariri yule Januari 1970, ningeandika nini? Ningeripoti Paris kwa ukamilifu, kwa sababu pindo lilishuka kweli na nguo nyingine zilikuwa nzuri. Ningekumbusha lililotokea 1967 na 1968. Ningemtuma mwandishi kwa mafundi wa kurekebisha nguo, maana wao ndio wanaojua watu wanapandisha au wanashusha, kisha kwa mwenye duka la mji mdogo aulizwe ni koti gani lilibaki mwaka jana. Na wanunuzi wa maduka, ambao ndio wasomaji wenyewe, ningewaambia waziwazi kwamba kuagiza urefu mmoja tu ni kucheza kamari. Yote hayo yangeweza kujulikana wakati ule. Hayakuhitaji utabiri.

Kosa la gazeti halikuwa kukisia vibaya. Kila anayeandika mitindo hukisia vibaya, nami nimekwisha kukosea. Kosa lilikuwa kusahau linaandikia nani na kwa faida ya nani, huku likizungumza kana kwamba linawasemea wanawake wote. Muuzaji anapotamani kitu kiuzwe, hiyo ni haki yake. Mwandishi anapolichukua tamanio hilo na kulichapa kama habari, amemdanganya msomaji hata kama kila picha aliyoichapa ni ya kweli.

Ninalisema kwa uchungu kwa sababu ninaliona kila wiki katika Kiswahili. Mwaka juzi ukurasa mmoja wa mitindo, ambao sitautaja, uliwatangazia wasomaji wake wa Dar es Salaam kwamba mwezi huo ni lazima kuwa na koti refu la sufu na buti za ngozi hadi magotini. Ulikuwa mwezi wa tatu, mji ukiwaka joto, na masika ikikaribia kuyageuza mabonde kuwa mito. Maneno yalikuwa yametolewa kwa watu wenye theluji na kuletwa kwetu bila hata kufutwa vumbi. Wiki mbili baadaye alikuja kwa mama binti mmoja, karani, mkononi ana picha ya koti lile kwenye simu, na mfukoni ana fedha aliyoidunduliza. Mama alimuuliza swali lake la viatu. Wakazungumza muda mrefu. Aliondoka ameagiza koti jepesi la kitani lisilo na bitana, linaloishia nyongani, la kuvalia juu ya magauni matatu aliyokuwa nayo tayari. Kitambaa kilichohitajika ni chini ya nusu ya kile cha pichani.

Baada ya mzigo kulala

Women's Wear Daily halikuanguka. Mwanzoni mwa 1971 mtindo uliovuma ulikuwa kaptura fupi kuliko sketi yoyote iliyotangulia, nalo gazeti lilelile lililokuwa limezika ufupi miezi michache nyuma ndilo lililozipa jina lililoenea duniani kote, hot pants. Shirika la ndege la Southwest lilipoanza safari zake Texas mwaka huo, wahudumu wake walivishwa kaptura hizo. Na Fairchild aliendelea kuwa mtu wa kuogopwa katika biashara hiyo kwa miaka mingi.

Mahali pengine somo lilieleweka. Mwaka 1971 jarida la mitindo la Vogue, toleo la Marekani, lilimwondoa Diana Vreeland, mhariri wa picha za ndoto na safari za mbali, likamweka Grace Mirabella, aliyejaza kurasa nguo ambazo mwanamke anaweza kuamka nazo na kwenda kazini. Wabunifu nao walikuwa wamejifunza kuonyesha urefu wa namna mbili tatu kwa pamoja na kunyamaza.

Pindo lenyewe lilishuka hatimaye, polepole, bila mtu kupiga debe. Mwaka 1974 mbunifu Diane von Fürstenberg alileta gauni la kujifunga la kitambaa laini cha jezi, lisilo na zipu wala vifungo, linaloangukia usawa wa goti au chini yake kidogo. Linavaliwa na kiatu chochote, na linakaa chini ya koti ambalo mtu analo. Mwenye kunenepa baada ya kujifungua analegeza mkanda, na mwenye kupungua anakaza. Kufikia 1976 yalikuwa yameshauzwa zaidi ya milioni 1.